Ubao wa Asubuhi Tulivu

Bandarini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bi Kreni, naye aliitika. Kwa miaka kumi na sita alikuwa akikaa ndani ya kile chumba cha kioo kinachoning'inia juu ya gati, akinyanyua makontena kutoka melini na kuyatua juu ya malori polepole, kama mama anayemlaza mtoto aliyekwisha kusinzia. Madereva wa malori walimjua kwa kazi yake. Kontena likitua bila lori kutikisika, waliambiana, "Leo ni yeye mwenyewe yuko juu."

Kazi hiyo ndiyo iliyomfundisha upepo. Upepo ukizidi kipimo, king'ora kinalia, kreni zote zinasimamishwa, na waendeshaji wanashuka kunywa chai. Wenzake walishuka kunywa chai. Yeye alishuka, akabadili nguo, akaenda upande wa pili wa ghuba kucheza na upepo uleule uliomfukuza kazini.

Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, uko hivi. Kuna ubao wa kusimamia. Chini ya ubao umefungwa mguu mwembamba wa kaboni, na mwisho wa mguu huo kuna bawa kama la ndege, linalokaa ndani ya maji. Mikononi unashika tanga dogo lililojazwa hewa. Upepo ukilivuta tanga, ubao unakimbia. Ukishakimbia vya kutosha, lile bawa la chini linainua kila kitu. Ubao unaachana na maji, kelele za mawimbi zinakatika ghafla, na wewe unabaki unateleza hewani, kimo cha goti juu ya bahari.

Bi Kreni aliuanza akiwa na miaka arobaini. Msimu wa kwanza wote aliumaliza ndani ya maji. Sasa, akiwa anaukaribia umri wa hamsini, hakuna aliyekuwa na la kumfundisha. Ubao wake ulikuwa mdogo kama mlango wa kabati la jikoni, ujazo wa lita hamsini tu, wa kuzama pale unapousimamia bila mwendo. Na pale ufukoni ubao mdogo ulikuwa cheo. Kadiri ulivyokuwa mdogo, ndivyo watu walivyokupisha njia.

Kasoro ilikuwa moja tu, nayo ilikaa nyumbani kwake, kwenye kiti karibu na dirisha la sebuleni.

Baba yake alikuwa seremala. Alipasua na kuranda mbao kwa miaka arobaini, mpaka vumbi lake likahamia kifuani. Mwaka uliopita alikuja kuishi kwa binti yake, na daktari akamwekea masharti matatu: asikae kwenye vumbi, asikae kwenye moshi, asitoke nje upepo ukivuma kwa nguvu. Mzee alitoka asubuhi, hewa ikiwa imetulia. Upepo ukianza, alirudi ndani na dirisha likafungwa. Na ule ubao mdogo haukuweza kupaa mpaka upepo uwe wa kutikisa milango. Kwa hiyo mwaka mzima waliishi nyumba moja, na mzee hakuwahi hata mara moja kumwona bintiye akipaa.

Aliwahi kumwonyesha picha kwenye simu. Mzee aliisogeza, akaivuta, akavua miwani, akaivaa tena.

"Hiki kidoa ndiye wewe?"

"Ndiyo, baba."

"Haya," akasema, kwa sauti ya mtu asiyeamini hata kidogo, akamrudishia simu yake.

Wageni walipokuja, Bi Kreni alimsikia akiwaambia kifua mbele, "Binti yangu huyu ndiye anayeshusha meli zote mnazoziona pale." Wakiuliza kuhusu tanga lililoanikwa uani, alipunga mkono. "Aa, hayo ni mambo yake ya kuogelea-ogelea."

Kuogelea-ogelea! Neno hilo lilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni.

Jioni moja alimwambia mume wake, mwalimu wa hesabu, aliyekuwa akisahihisha madaftari mezani, "Nataka ubao wa kati."

"Wa kati ya nini na nini?"

"Mrefu kuliko wangu, mwembamba kuliko ule wa wanaoanza. Unachomoka hata kwa upepo kidogo. Huu wa asubuhi."

Mume aliinua kichwa. "Asubuhi, wakati baba anaweza kutoka."

"Ni kwa sababu ya zamu. Siku hizi napumzika asubuhi."

"Mimi sijasema kitu," mwalimu akajibu, akarudi kwenye madaftari yake.

Jumamosi ile Bi Kreni alikwenda kwa Fundi Gundi, aliyeunda na kuuza mbao hizo ndani ya jengo lililokuwa zamani gereji ya magari. Ndani kulinuka gundi ya moto, na unga mweupe wa povu gumu la kuundia mbao, lililopigwa msasa, ulikuwa umetanda kila mahali, hadi kwenye kope za fundi mwenyewe. Walijuana tangu siku zile za kuanguka.

"Ubao wa kati?" Fundi Gundi alimtazama juu hadi chini. "Dada, vijana watasema umezeeka."

"Waseme."

"Mimi nawajua, watasema." Alipangusa mikono kwenye aproni. "Lakini wao hawajui kitu. Anayeanza nampa ubao mpana kama kitanda, anakaa juu yake hata kama anataka kula chakula cha mchana. Huu wa kati nikimpa, ataanguka na kunitukana. Huu ni wa mtu ambaye miguu yake inajua kazi. Urefu unakupa mwendo kabla hujapaa, wembamba unakata maji, basi upepo mdogo unatosha. Una kilo ngapi?"

"Sitini na nane."

Fundi alimtazama tena juu hadi chini.

"Sabini na mbili," Bi Kreni akasema. "Na usinitazame hivyo."

"Basi lita zisipungue themanini. Njoo."

Nyuma ya gereji, juu ya vigoda, kulikuwa na mbao mbili za kiasi hicho. Wa kwanza ulikuwa mrefu wa futi sita na nusu, upana wake inchi kumi na saba tu. Mgongo wake ulikuwa umefunikwa kwa mbao halisi nyembamba, mistari yake ikikimbia kutoka puani hadi mkiani kama nywele zilizochanwa, na vanishi iling'aa mpaka Bi Kreni akajiona kidevu. Wa pili ulikuwa futi tano na inchi kumi, upana inchi ishirini na moja, mweupe pee kama friji kuukuu, na karibu na pua ulikuwa na kiraka cha kijivu pale ulipowahi kuangushwa.

"Chukua zote mbili," Fundi Gundi akasema. "Wiki nzima. Kajaribu, kisha unirudishie mmoja."

Alipofika nyumbani alizilaza barazani juu ya stuli nne ili azisafishe. Hata hajafungua bomba, akasikia kiti kinakwaruza sakafu. Baba yake alikuwa anatoka.

Mzee alivaa miwani. Alipitisha kiganja ukingoni, kutoka pua hadi mkia, taratibu, macho yamefumbwa. Aliugonga ubao wa mbao kwa kidole akasikiliza. Akainama, akafumba jicho moja, akautazama mstari wake kama anayelenga shabaha.

"Nani kafanya kazi hii?"

"Fundi Gundi, baba. Yule wa kwenye gereji."

"Ana mkono, huyo. Tazama hapa alivyounganisha. Ukucha haupiti." Aligeukia ule mweupe, akaugusa kiraka kwa ncha ya kidole kama aliyegusa kidonda. "Na huu?"

"Na huo ni wake."

"Basi siku hiyo alikuwa na homa. Mimi hata jeneza la paka singetengeneza hivi."

Bi Kreni alicheka mpaka akakaa chini. Mzee hakucheka. Aliagiza aletewe kitambaa laini na mafuta kidogo, na kwa kuwa siku hiyo upepo haukuvuma, alasiri yote akabaki pale barazani, anaupangusa ule wa mbao, anauliza hili na lile. Hizi reli mbili chini ni za nini? Za kufungia mguu, baba, unausogeza mbele au nyuma. Mkia mbona umekatwa? Ili uachane na maji haraka. Mzee akaguna, akaendelea kupangusa. Mwaka mzima hakuwa amewahi kuuliza hata swali moja juu ya mchezo huo.

"Chukua huu," akaamua jua lilipoanza kushuka. "Huo mwingine mrudishie kesho asubuhi."

Kusema kweli, moyo wa Bi Kreni ulikwisha kuuchagua ule wa mbao tangu kule gereji. Na hata kama usingeuchagua, angemwambiaje hapana?

Jumanne asubuhi aliupeleka majini. Upepo ulikuwa wa kutikisa majani tu, si matawi. Ufukoni walikaa vijana watano na vibao vyao vidogo, wakingoja saa sita, upepo unapopata nguvu. Mkubwa wao kwa maneno alikuwa kijana mwembamba waliyemwita Kiberiti, kwa jinsi alivyowaka upesi. Alikuwa hodari, na alijua kwamba ni hodari.

Bi Kreni alipiga magoti juu ya ubao, akainua tanga, akasimama. Ubao ukajipindua chini yake kama gogo. Alianguka. Akapanda, akasimama, akaanguka upande wa pili. Mara ya tano ulikimbia vizuri, ukapaa kweli, na mwili mzima ukamsisimka. Alipotaka kugeuka, ile pua ndefu ikachelewa, ikachota maji, naye akarushwa mbele kama kifurushi. Kufika saa nne alikuwa ameanguka mara kumi na moja, na masikio yamejaa chumvi.

Alipotoka, Kiberiti alisimama kwa heshima zote.

"Shikamoo, mama. Hivi, huo ubao umeuchukua wewe, au ndio umekuchukua?"

Wenzake waliangua kicheko. Bi Kreni aliitika "marahaba" bila kumtazama, akaupita ufuko ule na ubao wake kwapani, shingo imenyooka. Ndani ya gari, alipokuwa peke yake, alipiga usukani ngumi moja.

Jumatano alirudi. Akaanguka mara tisa. Jioni baba yake aliuliza, "Unaendaje, ubao wetu?" Akajibu, "Unaenda, baba." Alisikia jinsi mzee alivyosema "wetu," na usiku ule hakufurahia chakula.

Alhamisi Fundi Gundi alikuja mwenyewe ufukoni, kwani habari zilikwisha kumfikia. Alichuchumaa mchangani, akamtazama akipaa mara mbili na kuanguka mara mbili, akampungia mkono atoke.

"Ungekazana miezi miwili, ungeuweza," akasema.

"Najua nitauweza."

"Ninajua unajua. Lakini ubao huu niliuunda kwa safari ndefu. Unapaa hapa, unakwenda mstari mmoja mpaka mji wa pili, mtu anakuja kukuchukua kwa gari. Haupendi kugeuka, na mimi sikuuunda ili ugeuke. Wewe hasa unataka kufanya nini?"

Bi Kreni alikamua nywele zake. Hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mume wake, ambaye alijua bila kuambiwa.

"Nataka kupita mbele ya mzee wangu," akasema. "Nigeuke, nipite tena. Asubuhi, hewa ikiwa imetulia, maana upepo ukianza hawezi kukaa nje."

Fundi Gundi alijipiga paja. "Sasa hayo si ungeniambia tangu Jumamosi? Ulikuja ukanitajia lita na kilo." Alisimama akajikung'uta mchanga. "Uko wapi ule mweupe?"

Ulikuwa juu ya gari. Hakuwa amepata moyo wa kuurudisha wala wa kuujaribu. Waliufunga mguu wa bawa pamoja, fundi akausogeza nyuma upana wa vidole viwili, akakaza skrubu nne kwa mkono wake. Bi Kreni aliingia majini bila matumaini makubwa. Alisimama. Ubao ulitikisika, ukatulia. Akavuta tanga mara moja, akasukuma kwa miguu mara tatu, na kabla hajajiandaa alikuwa hewani. Aliegemea kidogo kwenye kisigino. Ule ubao wenye sura ya friji uligeuka kama unajua anakotaka kwenda, bila kugusa maji, ukarudi ulikotoka.

Hakupiga kelele. Mtu wa umri wake, mwenye vijana wanaomtazama, hapigi kelele. Lakini alipita mbele ya Kiberiti polepole kuliko ilivyohitajika.

Jioni aliurudisha ule wa mbao gereji, ukiwa umepanguswa na kukaushwa vizuri.

Jumamosi mwalimu aliendesha gari, mzee akakaa mbele, amefungwa skafu mpaka kidevuni. Kabla hajaingia aliutazama ubao uliofungwa juu ya gari.

"Wetu uko wapi?"

"Nimeurudisha, baba."

"Umerudisha ule, ukabaki na huu?"

"Ule ni wa safari ndefu, baba. Haukunifaa. Nilianguka mara ishirini na kitu, sikutaka kukuambia."

Mzee aliingia ndani na kufunga mlango. Njiani mwalimu alijaribu kuleta mazungumzo ya bei ya vitunguu, hayakupata mteja.

Ufukoni bendera ya waokoaji ilikuwa inajikunyata na kujinyoosha kwa uvivu. Kiberiti na wenzake walikaa juu ya vibao vyao mchangani kama kuku walionyeshewa. Mwalimu aliweka kiti mahali pasipo na mchanga wa kuruka, mzee akakaa, fimbo katikati ya magoti, uso umekunjwa. Bi Kreni alifunga kamba ya ubao kifundoni, akaifungua, akaifunga tena. Kwenye kreni, na tani thelathini zikiwa zinaning'inia chini yake, hakuwahi kufanya jambo moja mara mbili.

Aliingia mpaka kiunoni, akapanda, akapiga magoti. Alingoja. Mbali kidogo uso wa maji ulibadilika rangi, ukawa na vikunyanzi vidogo, na vikunyanzi hivyo vikaanza kumjia. Alisimama mapema, akaelekeza tanga, akahesabu. Upepo ulipomfikia ulikuwa mwepesi kama pumzi ya mtu aliyelala. Ubao mweupe ukaanza kuteleza, ukaongeza mwendo, maji yakaanza kuimba chini ya pua yake. Alisukuma mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu maji yakanyamaza.

Alikuwa juu.

Alikwenda mpaka kwenye boya la manjano, akageuka, akarudi sambamba na ufuko, karibu kiasi cha kutambua nyuso. Aliwaona vijana wamesimama wote watano. Alimwona mume wake, mikono kichwani. Na alimwona baba yake akiinuka kwenye kiti, bila kuiegemea fimbo, bila kushikwa na mtu, mdomo wazi kidogo, akigeuza kichwa polepole kumfuata kadiri alivyopita. Alipita mita kumi tu kutoka kwake. Kati yao hakukuwa na sauti, ila mlio mwembamba wa bawa likikata maji kule chini.

Alijikaza, kwa sababu mbele kulikuwa na kugeuka kwingine, na huku hakutaka kukosea kwa namna yoyote. Aligeuka. Hakukosea. Akapita tena.

Alipotoka, Kiberiti alimfikia kwanza, akapokea tanga lake bila kuombwa.

"Mama, ni lita ngapi huo?"

"Themanini na tano."

"Na mtu wa kilo sitini kama mimi?"

"Kamuulize Fundi Gundi," akasema. "Ila atakuuliza kwanza unataka kufanya nini. Uwe na jibu."

Mzee alikuwa bado amesimama. Alimtazama binti yake kama anayemwona baada ya safari ndefu, kisha akakohoa, kikohozi chake cha kawaida na kingine kidogo cha kuongezea.

"Chini hakuna kitu kinachokushika," akasema.

"Hakuna, baba. Ni bawa tu."

"Geuza nione."

Waliugeuza ubao mchangani. Mzee aliinama, akahesabu kwa kidole.

"Skrubu nne?"

"Nne."

"Skrubu nne," mzee akarudia, akatikisa kichwa. "Na binti yangu juu yake." Alinyoosha mkono, akampangusa maji usoni kwa kiganja, kile kiganja kigumu cha seremala. Hakuwa amefanya hivyo tangu Bi Kreni akiwa msichana mdogo.

Mwanamume mmoja aliyekuwa akitembea na mbwa wake alisimama kutazama. Mzee akamgeukia upesi, kama aliyekuwa akimngoja.

"Umeuona huu ubao, bwana? Usidanganywe na sura yake. Kulikuwa na mwingine pale nyumbani unang'aa kama kioo, mimi nikamwambia mwanangu, achana nao, huo ni wa safari ndefu tu. Chukua mweupe."

Mwalimu alikohoa. Bi Kreni alimkanyaga mguu kimyakimya.

"Ni kweli kabisa," akasema. "Baba ndiye fundi wa nyumba."

"Huyu ni binti yangu," mzee akaendelea, sauti imepanda mpaka watu wa mbali wakageuka. "Wiki nzima anashusha meli. Hili la kupaa analifanya siku ya mapumziko." Kisha akamgeukia bintiye, akashusha sauti kidogo, si sana. "Mama, hebu nenda tena. Huyu bwana amefika sasa hivi, hajaona kitu."

Upepo ulikuwa umebaki wa kubembeleza. Bi Kreni alichukua tanga lake kutoka kwa Kiberiti, akaingia majini.

Asubuhi ile alitoka mara tano, na kila aliporudi ufukoni, watu waliomzunguka baba yake walikuwa wameongezeka.